Kwenda Kuiona Nchi Aliyozaliwa Baba

Katika nyumba nyingi za pande hizi za Kasekese, Mishamo na Mpanda, shauri moja hurudi kila mavuno yakiisha. Baba atamani kwenda Burundi kuiona nchi aliyozaliwa, na watoto wataka kufuatana naye. Shauri hili ni jema, tena halifai kukawizwa, kwa maana mtoto aliyevuka mpaka mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 8 sasa amepita miaka 60. Akifa yeye, nani atakayeonyesha mahali palipokuwa na nyumba? Walakini yako mambo yapasayo kukatwa nyumbani kabla ya kufunga mizigo.

Kwanza, watoto waelezwe kisa cha kuhama. Mwisho wa Aprili 1972 palitokea uasi kusini ya Burundi, na Watutsi wengi wakauawa. Kisha serikali ikalipiza kwa kuwaua Wahutu, hasa waliosoma, hata waliokufa wakapita laki moja. Waliokimbilia Tanzania walipewa makao Ulyankulu na Katumba, na tangu 1978 Mishamo. Wakafyeka msitu, wakalima. Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania ikawapa kuchagua kurudi au kuomba uraia. Zaidi ya 50,000 walirudi. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa kuwa raia, nao wakaanza kupewa vyeti Oktoba 2014. Mtoto asiyeambiwa haya na mzazi wake atayasikia njiani kwa mtu mwingine, na pengine kwa maneno ya chuki.

Pili, tafuteni jina la mahali. Mzazi husema, “Kwetu ni Bururi.” Lakini Bururi ya 1972 ilikuwa kubwa, na Nyanza-Lac na Rumonge zilikuwa ndani yake. Baadaye Makamba ikawa mkoa wa peke yake, na mwaka 2015 Rumonge vilevile. Mwaka 2025 mikoa yote ikapunguzwa ikawa 5, na pande hizo zote sasa zimo katika mkoa wa Burunga. Basi jina la mkoa halitoshi. Mwulizeni mzee jina la kilima, maana Mrundi huulizwa kilima chake, na jina la mto ulio karibu, na majina ya majirani wa zamani. Yaandikeni yote katika daftari.

Tatu, na hili ndilo zito, ni habari ya shamba. Ardhi nyingi iliyoachwa kando ya Ziwa Tanganyika walipewa watu wengine, na nyingine ikatiwa katika mashamba makubwa ya michikichi. Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 yalisema wakimbizi warudishiwe mali yao au walipwe, na tume ya ardhi ikaundwa mwaka 2006. Hata hivyo kesi nyingi zilikuwa ngumu, kwa sababu aliyekaa humo amezaa na kuzika hapo. Fikirini sasa: jamaa ya watu 6 yashuka garini, na mzee aelekeza fimbo, akisema, “Hapa palikuwa petu.” Mwenye nyumba ataogopa, hata kama mzee hakukusudia neno lolote ila kukumbuka. Kwa hiyo pelekeni habari mbele kwa ndugu waliorudi, ili waseme na wenyeji na wakubwa wa kilima kwamba mnakuja kuwaamkia na kuyaona makaburi. Kama mzee ana neno la kudai, ni shauri jingine; lisichanganywe na safari ya watoto.

Nne ni hati na njia. Aliyepata uraia wa Tanzania aliukana ule wa Burundi. Anakwenda kama mgeni. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wala raia wa Jumuiya hatozwi viza. Lakini kila mmoja, hata mtoto, awe na pasipoti au hati ya dharura kutoka Uhamiaji, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Njia ya wengi hupita Uvinza na Kasulu mpaka Manyovu, na ng'ambo ni Mugina. Mwezi wa Juni wafaa: mvua zimekoma, shule zimefungwa, na chakula kimo ghalani.

Tena wafundisheni watoto Kirundi kidogo: *amahoro*, yaani amani, ndiyo salamu, na *murakoze*, ndiyo asante. Bibi kizee aliyengoja miaka zaidi ya 50 akiamkiwa kwa maneno hayo na mjukuu wa ndugu yake, atamjua kuwa ni wake.

Basi, ninyi mnaoishika njia hiyo mwaka huu, kaeni jioni moja na mzee, na daftari mkononi, mkamwulize. Nawatakieni safari njema.