Sifa za Maneno katika Dirisha la Weka

Miongoni mwa programu za kuchunguzia data, Weka ina jina linalomchekesha Mswahili, kwa kuwa hulisoma kama amri. Kumbe ni jina la ndege asiyeruka wa New Zealand, nchi ambako programu hiyo ilitungwa katika Chuo Kikuu cha Waikato.

Mtafiti wa lugha huanza na jedwali: kila mstari ni neno, na kila safu ni sifa moja ya neno hilo, kama vile idadi ya silabi, asili yake na ngeli yake. Akiisha kulifungua katika Weka, orodha ya sifa hujitokeza upande wa kushoto wa dirisha. Akichagua sifa moja, upande wa kulia huonekana muhtasari wake, na chini yake pau za kuonyesha jinsi thamani zake zilivyogawanyika.

Hapo ndipo penye mtego. Tangu siku za Wilhelm Bleek, katika karne ya 19, wanaisimu wamezoea kuzitaja ngeli za Kibantu kwa namba. Namba hizo ni lakabu tu. Ngeli ya 9 haiizidi ya 7 kwa lolote. Lakini Weka, ikipewa jedwali la CSV lenye 1, 7 na 9, huzisoma kama vipimo. Basi kwa maneno mtu, kitabu na nyumba, dirisha litatoa wastani wa ngeli 5.667, kana kwamba liko neno lililo baina ya jicho na macho! Programu haioni ajabu yoyote, na pau zake hupendeza vilevile.

Kipo kichujio cha kugeuza namba kuwa majina. Lililo bora, hata hivyo, ni kuandika ng9 badala ya 9 tangu mwanzo. Hapo kila ngeli hupata upau wake na hesabu ya maneno yake. Tena ikifanywa sifa ya kupambanulia, pau za sifa nyingine hugawanywa kwa rangi za ngeli.

Picha ya nukta, inayolinganisha sifa mbili, ina hila nyingine. Nyumba, ndizi na nguo zote ni za silabi mbili na za ngeli ya 9, kwa hiyo hulaliana mahali pamoja zikaonekana nukta moja. Kuna kitelezi cha kuzitikisa kidogo nukta hizo hadi zitengane. Data yenyewe haibadiliki.