Chanjo ya mbuzi: maswali tunayosahau kuuliza

Uzi wa leo ni wa mbuzi. Msicheke, hii ni siasa tupu.

Mnakumbuka mwisho wa 2024, serikali iliposema itachanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50? Kila matatu ya Thika Road ikawa bunge. Upande mmoja: ni njama ya matajiri wa ng'ambo, eti mifugo waache kujamba. Upande wa pili: ukiuliza swali, wewe ni mshamba. Shosho yangu ana mbuzi watatu wa maziwa kule Gatuanyaga, Thika, na hakuna upande uliojibu swali lake: "Nikiwachanja, watakaa salama?"

Haya basi. Ng'ombe walikuwa wachanjwe dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo. Mbuzi na kondoo, dhidi ya PPR, yaani sotoka ya mbuzi na kondoo. Ni kirusi. Mbuzi anashikwa na homa, makamasi, vidonda mdomoni, anahara, mapafu yanajaa, na wengi hufa. Hakuna dawa ya kukiua kirusi hicho. Binadamu hashikwi.

Na ile ya kujamba? Chanjo ya PPR ni kirusi chenyewe kilichodhoofishwa. Aina inayotumika sana ilitolewa kwa mbuzi huko Nigeria mwaka 1975. Inafundisha mwili kupigana na PPR, basi. Tumboni haina kazi. Halafu hapa Kiambu tungekuwa wa mwisho kushtuka: chanjo iliyosaidia kumaliza sotoka ya ng'ombe, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani 2011, ilitengenezwa Muguga, kaunti hii hii.

Lakini wanaouliza si wajinga. Jirani ya shangazi yangu huko Ruiru alipoteza mbuzi siku tatu baada ya sindano. Mtaa ukaamua: chanjo inaua. Sasa angalia hesabu. PPR hukaa mwilini siku nne hadi sita hivi kabla ya dalili kuonekana, na kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Mbuzi aliyekuwa ameambukizwa tayari atachanjwa leo akionekana mzima, na afe wiki hiyo hiyo. Tena sindano moja ikitumika kwa boma zima inaweza kubeba ugonjwa kutoka kwa mbuzi mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana mbuzi mgonjwa hachanjwi, na sindano hubadilishwa.

Kitu kingine ni baridi. Chanjo hii huja kama unga mkavu, inachanganywa na maji yake maalum papo hapo. Ikishachanganywa, inakaa kwenye barafu, mbali na jua, na inatumika ndani ya saa chache. Ya jana hairudi kwenye friji. Iliyopata joto haiui mbuzi, ila haimkingi pia, na hapo ndipo uaminifu unapokufa: umechanja, na bado wamekufa.

Chupa moja huwa na dozi nyingi, mara nyingi 100. Shosho ana watatu! Hawezi kununua chupa peke yake kama anavyonunua dawa ya minyoo. Lazima kijiji kikusanyike siku moja, na hapa ndipo siasa inaingia kihalali. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali kuu sera ya mifugo, na kaunti inapewa kudhibiti magonjwa ya wanyama. Kwa hivyo mwombaji kura akija kupiga kelele kuhusu chanjo, awe anaiunga mkono au anaipinga, muulize kuhusu friji za kaunti, madaktari wa mifugo kwa kila wadi, na nani anakuja mbuzi akianguka kesho yake. Wengi hubadilisha mada. Nimejaribu.

Shosho alikubali baada ya kuchungulia ndani ya boksi na kukuta barafu bado ngumu. Watatu wakadungwa, mililita moja chini ya ngozi. Kitoto cha miezi miwili kilibaki, manake kinga ya mama huizuia chanjo kufanya kazi hadi miezi mitatu au minne. Tarehe yake ameiandika kwa makaa kwenye mlango wa banda.