Milango ya Kale ya Mikindani Inalindwa na Sheria

Mji mkongwe wa Mikindani, takriban kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, hufahamika vema kwa kutembea kwa miguu. Kutoka Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, mgeni hushuka hadi kwenye vichochoro vyenye nyumba za mawe ya matumbawe na milango ya mbao iliyonakshiwa. Boma lilikarabatiwa, nyumba kadhaa za jirani zimebaki magofu.

Wamiliki wanakumbushwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na miimo iliyochongwa nchini kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kuisafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Mlango ukishang'olewa, nyumba hupoteza ushahidi wa mafundi walioijenga.