Akili Bandia Katika Kazi za Mabaraza ya Miji

Wanachama wengi wamekwisha kusikia habari za akili bandia, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na kumbukumbu nyingi, kisha zikakisia juu ya jambo jipya. Katika nchi mbalimbali mabaraza ya miji yamezitia kazini. Tumeona yafaa kueleza mambo hayo kwa mfano mmoja uliochunguzwa sana, nao ni wa mji wa Rotterdam, Uholanzi.

Baraza la mji huo huwapa posho watu wasio na kipato cha kutosha. Wakati huo walikuwa wapatao 30,000. Baadhi yao huitwa kila mwaka na kuchunguzwa, isije ikawa wapokea wasichostahili. Kwa kuwa haikuwezekana kuwaita wote, tangu mwaka 2017 baraza lilitumia programu kuchagua wa kuitwa. Programu ilitazama mambo 315: umri wa mtu, kama ni mume au mke, kama ana watoto, ajua Kiholanzi kwa kadiri gani, hata maoni ya afisa aliyeonana naye. Kisha ilimpa alama kati ya 0 na 1. Wenye alama za juu ndio waliotazamiwa kuchunguzwa.

Je, programu ilijifunza wapi? Ilijifunza katika kumbukumbu za watu waliokwisha kuchunguzwa zamani. Basi kumbukumbu zikiwa zimeelemea upande mmoja, nayo huelemea huko huko. Mwaka 2021 wakaguzi wa hesabu wa mji walionya juu ya hatari hiyo, na baraza likaisimamisha programu mwaka huo huo. Mwaka 2023 waandishi wa habari walioipata programu yenyewe waliipima. Waliona kuwa ujana, kuwa mwanamke, kuwa na watoto na kutojua Kiholanzi vyema vilimwongezea mtu alama. Hakuna hata moja katika hayo lililo kosa.

Sisi wakulima twaweza kulipima jambo hili kwa kazi yetu. Mkulima akiambiwa kituoni kuwa karafuu zake ni za daraja la chini, huuliza sababu. Huambiwa zina makonyo, au hazikukauka. Gunia li wazi mbele yake. Atie mkono aone, akubali au abishe. Lakini alama ya Rotterdam ilikuwa kama kushusha daraja la karafuu zako kwa kuwa watu wa kijiji chako mwaka jana walileta zenye makonyo, na gunia lako halijafunguliwa.

Hatusemi kuwa chombo hiki hakina faida. Kwaweza kupanga barua na kutafsiri matangazo kwa upesi, na kosa likitokea husahihishwa. Posho ya mtu ni jambo jingine. Ndiyo sababu sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imeziweka programu za kupima nani astahili msaada wa serikali katika kundi la hatari kubwa, na kutaka zisimamiwe na binadamu.

Kwa hiyo mwanachama akisikia kuwa ofisi yoyote imeanza kutumia programu ya namna hii juu ya watu, na aulize mambo matatu: imejifunza kwa kumbukumbu gani? Ni afisa gani atakayeeleza sababu ya uamuzi? Na asiyeridhika apeleke wapi shauri lake? Ofisi yenye majibu haitaona taabu kuyatoa.