Tembea Mji Mkongwe, uache jina la kichochoro chako kwenye ramani ya dunia!

MUULIZE Mzanzibari njia, uone kazi! Hakutajii namba ya nyumba wala jina la barabara. Atakwambia: "Nenda na njia hii hii, ukikuta barza ya wazee wanacheza bao usipinde, wapite. Mbele kuna duka lilifungwa zamani, hapo shika mkono wa kulia, halafu ulizia." Na neno zito hapo ni hilo la mwisho, ulizia. Mji Mkongwe wote unaendeshwa kwa kuulizia. Mgeni wa kutoka Bara anatoka jasho, mtalii anageuza simu yake juu chini, na mwenyeji anajichekea kimoyomoyo.

Raha ya mji ndiyo hiyo, sikatai. Lakini siku mtoto anaugua saa 8 za usiku, au moto umeshika nyumba ya ndani kule Kajificheni, hakuna muda wa kuulizia barza. Na wale wazee wa bao wenye majina yote kichwani wanapungua mmoja mmoja, Mungu awarehemu waliotangulia.

Basi wiki hii tunakuletea dili moja ambalo halina mkwanja lakini ni bomba kwa kijana yeyote mwenye miguu miwili na simu ya kupangusa. Unatembea zako mtaani, unasimama, unatazama, unauliza, unaandika kwenye simu, unaendelea. Ulichoandika kinaingia kwenye ramani ya dunia nzima, na kesho anaweza kukisoma mtu wa Matemwe au wa Muscat.

Ramani yenyewe inaitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, wakati huo kijana mwanafunzi, aliyeona haiingii akilini ramani za serikali ya kwao ziuzwe ghali wakati kodi ya kuzitengeneza wamelipa wananchi. Akasema tuchore wenyewe, kila mtu mtaa wake. Kufikia 2023 waliojiandikisha walipita milioni 10 duniani. Yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuichapa na kuiweka kwenye simu bila kulipa senti, mradi ataje ilikotoka. Hata makampuni makubwa ya Marekani kama Apple na Meta yanaitumia. Unaona sasa? Wewe ukitaja mfereji wa mtaani kwenu, tajiri wa California naye anafaidika. Uzuri ni kwamba na mwanafunzi wa Haile Selassie naye anafaidika vilevile, na hakuna wa kumfungia mlango.

Usije ukadhani Unguja tuko nyuma katika mambo haya. Tulishawahi kuvuma! Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA) na Benki ya Dunia walianza kazi ya kupiga picha visiwa vyote, Unguja na Pemba, kwa droni. Vijana wa SUZA ndio waliokuwa wakirusha vile vidude vyepesi vya mabawa, unakishika mkononi, unakitupa hewani kama mtoto anavyotupa tiara, kinakwenda chenyewe kupiga picha na kurudi. Zaidi ya kilomita za mraba 2,300 zikapigwa, na picha zikawekwa wazi kwa kila mtu. Kisha wakakaa kwenye kompyuta wakachora nyumba moja baada ya nyingine.

Mwaka 2018 picha hizo hizo zikatumika katika mashindano ya kimataifa ya kuifundisha kompyuta itambue majengo yenyewe. Kompyuta ilitakiwa iyagawe mafungu 3: nyumba iliyokwisha, nyumba isiyokwisha, na msingi mtupu. Eh, msingi mtupu! Waliopanga mafungu hayo wanatujua vizuri. Nani hana mjomba mwenye msingi wake Fuoni unaoota majani tangu alipooa?

DRONI HAISOMI JINA

Sasa hapa ndipo miguu yako inapotakiwa. Droni inaona mapaa tu. Mji Mkongwe una nyumba kama 1,700, zimebanana hivi kwamba paa la huku linakaribia kugusana na paa la kule, na kichochoro cha katikati hakionekani kabisa kutoka juu. Haioni kama chini ni saruji au vumbi. Haioni ngazi 3 zinazomzuia bibi mwenye fimbo. Haiwezi kujua kwamba mlango ule una duka la dawa, na kwamba linafungwa saa 4 za usiku. Na jina la mahali halijaandikwa kwenye bati.

Kuna na mkasa wa satalaiti. Kwenye uwanja wa wazi, kama pale Mnazi Mmoja, simu inakuonesha ulipo kwa kukosea mita chache tu. Ingia Sokomuhogo uone! Mawimbi yanagonga kuta ndefu za mawe na chokaa, yanadunda, simu inachanganyikiwa. Kichochoro kina upana wa mita 2, simu imekosea mita 10, basi umeshapelekwa nyumba ya pili kwa watu ambao hata huwajui. Kwa hiyo wenye kuijua kazi hawaiamini ile nukta ya buluu. Wanafungua picha ya droni, wanatafuta paa walilosimama chini yake, wanahesabu milango kutoka kona. Ni macho yako na akili yako, na hapo mtoto wa mtaani anamshinda mtaalamu wa ng'ambo aliyesoma miaka 7.

Na majina! Hii ndiyo sehemu inayonipandisha mori. Mkunazini palikuwa na mkunazi. Mizingani pana habari ya mizinga. Forodhani palikuwa forodha. Darajani lilikuwepo daraja la kuvukia mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga mji na upande wa pili, ndiyo maana upande ule tukauita Ng'ambo. Mkono wenyewe ulishafukiwa zamani, jina limebaki. Barabara iliyopita juu yake sasa ni ya Benjamin Mkapa, lakini mwambie mzee hivyo uone kama hakusahihishi kwa kukutajia Krik Rodi. Haya ni majina makubwa, hayapotei leo wala kesho. Yanayopotea ni yale madogo: kona, kichochoro chenye nyumba 6, kisima kilichozibwa, barza iliyopewa jina la mtani wa mtaa. Inakuja hoteli, inabandika kibao chake cha Kiingereza, na baada ya miaka 10 hata watoto wa hapo wanapaita kwa jina la hoteli.

Fungua ramani ya simu yako sasa hivi uutazame Mji Mkongwe. Hoteli, hoteli, mkahawa, duka la vinyago, hoteli. Mgeni alipita akaandika alichokihitaji mgeni, na hatuwezi kumlaumu. Lakini mfereji wa maji uko wapi? Chuo cha Kurani cha watoto? Fundi baiskeli? Mama anayeuza urojo jioni? Ramani hiyo inasema wenyeji hatupo.

Kwenye OpenStreetMap pana nafasi ya jina kuu, jina jingine linalotumika na jina la zamani, yote mahali pamoja, kwa hiyo hakuna haja ya kugombana. Kama mzee wa kwanza kakwambia hivi na wa pili vile, andika yote mawili. Unguja wazee wawili kupatana juu ya jina la kichochoro ni jambo la nadra.

Wenzetu wa jirani walishaona faida yake. Kibera ya Nairobi, pamoja na malaki ya watu wake, ilikuwa ikioneshwa msitu kwenye ramani rasmi. Mwaka 2009 vijana wa pale pale walipewa vifaa vya kupimia mahali wakaizunguka kwa miguu, wakatia vyoo, zahanati, visima, shule na njia zenye giza. Dar es Salaam nako Tandale ilichorwa hivyo 2011, na 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wakipita mabondeni na karatasi mkononi. Walichofanya kimoja nilikipenda sana: walikuwa wanamuuliza mkazi, mvua ya mwaka ule maji yalifika wapi? Mkazi anaonesha ukutani, hapa, kifuani. Kipimo kinachukuliwa. Hakuna droni itakayokwambia hayo. Watu wa Sebleni na Mwanakwerekwe, mnaovua viatu kila masika, nadhani mmenielewa.

Na kama unaona haya ni mambo ya wasomi tu, kumbuka kipindupindu. Mwaka 1854 daktari John Snow wa London aliweka alama kwenye ramani kila nyumba iliyokufa mtu, alama zikakusanyika kuzunguka bomba moja la maji. Kwetu hapa gonjwa hilo lilipofyeka watu mwaka 1869 na 1870, alikuwepo daktari Mskoti, James Christie, aliyelifuatilia njia lilizopitia hata akaliandikia kitabu kilichotoka 1876. Wote wawili walitumia miguu na maswali. Kujua nani anateka maji wapi ndio mwanzo wa kuokoa mtu.

HAYA, UNAANZAJE?

Jiandikishe kwanza OpenStreetMap, ni bure. Kisha tia kwenye simu programu ya StreetComplete, hii ni ya simu za Android na ndiyo nyepesi kwa anayeanza. Ukitembea inakuuliza maswali kufuatana na ulipo: njia hii imetiwa nini chini? Jengo hili ghorofa ngapi? Duka hili linafunguliwa lini? Unajibu, basi. Usiku ukiwa kwenu unaweza kukaa kwenye kompyuta ukachora makubwa zaidi. Unaweza kuanza na mtaa wako tu, na asubuhi ya Jumapili watu wakiwa bado usingizini ndiyo poa, vichochoro vitupu na jua halijawa kali.

Miiko ipo, na usiivunje. Usinakili kutoka Google au ramani nyingine yenye mwenyewe. Hiyo ni wizi, na wenzako wataifuta kazi yako yote. Andika ulichokiona au ulichoambiwa na mwenyeji. Usiandike kwamba hapa anakaa bwana fulani au bibi fulani, hata kama mtaa mzima unajua. Faragha ya mtu si mali ya ramani. Kila badiliko linabaki na jina la akaunti yako, kwa hiyo mhuni akichora barabara katikati ya bahari atajulikana na itarudishwa ilivyokuwa.

Mwiko mkubwa kuliko yote ni adabu. Kijana anasimama mbele ya mlango wa watu, simu juu, hasemi kitu! Ukifanya hivyo Kiponda au Malindi utaulizwa na haki yao: "Mwanangu, unaandika nini hapo? Umetumwa na Manispaa?" Toa salamu kwanza. "Shikamoo babu, naandika majina ya mtaa yasipotee, hapa panaitwaje?" Uzoefu wa watu wa kazi hii popote ni kwamba swali hilo likishaulizwa huondoki upesi, utaletewa kahawa, kashata, na habari za nani alijenga nini na nani alimkimbia nani. Kina dada wana njia zaidi hapa, maana wanapokelewa mpaka uani ambako kaka hafiki, na majina ya akina bibi yanatofautiana kabisa na ya barzani.

Malipo? Hakuna, nisikudanganye. Ila baadhi ya vijana waliojifunzia kazi kwenye mradi wa droni walibaki na ujuzi wa kurusha, kuchora na kusoma ramani, na ujuzi huo una soko. Huko mashambani droni hizo zimetumika hata kutafuta majaruba ya mpunga yanayozaa mbu wa malaria. Lakini ukiingia kwa tamaa ya posho utachoka wiki ya kwanza.

Kazi bado ni tele. Nje ya mji kabisa kuna vituo vya gari za shamba, 116 ya Nungwi, 206 ya Chwaka, 309 ya Jambiani, ambavyo mwenyeji anavijua kwa mwembe na mgeni havijui kabisa. Kuna nyumba zinazoanguka, na hapa ramani inatakiwa iende na wakati: Beit el Ajaib iliyojengwa 1883 iliporomoka upande wake mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu 2. Na kuna vichochoro vya nyuma ya Hamamni na Kokoni ambavyo mpaka leo vinangoja mtu apite na kuuliza.