Kutumwa Dukani

Leo umemtuma mtu, au umetumwa. Labda ilikuwa chumvi. Labda ilikuwa dawa ya jirani mgonjwa. Hizi ni kazi ndogo, na hakuna anayezihesabu. Hata hivyo, tuziangalie kidogo.

Tuchukue mfano wa Njiro, upande wa kusini-mashariki wa Arusha. Huko kuna Chuo cha Uhasibu na viwanja vya maonyesho ya Nane Nane. Mawingu yakifunguka, unauona Mlima Meru upande wa kaskazini. Kuna nyumba kubwa zenye kuta ndefu, na kuna vyumba vya kupanga. Kote huko watu wanatumana. Mama ana sufuria motoni na mtoto mgongoni. Anamwita mtoto wa jirani: "Mwanangu, kimbia dukani, niletee sukari nusu kilo." Anampa noti ya shilingi 5,000. Hana shahidi wala karatasi. Anajua tu kwamba sukari itakuja, na chenji itakuja.

Kitu ulichopewa ukitunze kwa ajili ya mwingine huitwa amana. Sasa chukua kalamu. Andika AMANA. Chini yake andika AMINI. Kisha andika IMANI, UAMINIFU na AMINA. Soma polepole. Umeona? Kila neno lina herufi M, halafu N. Manne ya kwanza yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Amina ni neno la zamani la Kiebrania, na lugha hizo mbili ni za ukoo mmoja. Kwa hiyo neno tunaloitikia mwisho wa sala, msikitini na kanisani, ni ndugu wa chenji ya jirani. Mimi nimeitikia "Amina" tangu utotoni bila kujua hivyo.

Kuna amana nzito kuliko chenji, nayo ni maji. Mlima Meru ni mlima wa volkano. Maji yanayopita katika miamba yake huchukua madini yaitwayo floridi. Sehemu nyingi za kuuzunguka mlima madini hayo yamezidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto akinywa maji yenye floridi nyingi kwa miaka, meno yake huota yakiwa na rangi ya kahawia. Ikizidi sana, kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika. Floridi haionekani kwa macho. Tena, kuchemsha maji hakuiondoi. Endelea kuchemsha, maana unaua vijidudu, lakini usidhani umeondoa floridi.

Basi fikiri. Unamwambia kijana mwenye mkokoteni, "Niletee madumu mawili, kutoka lile bomba lililopimwa." Njiani kuna kisima cha karibu zaidi. Akijaza hapo, nani atamwona? Maji yataonekana safi vile vile, na wewe utalipa bei ile ile. Meno ya mwanao ndiyo yatakayosema, baada ya miaka. Huenda kijana huyo anasali kila wiki. Mimi naona imani yake inapimwa pale kisimani kuliko mahali pengine popote.

Lakini usimwachie yeye peke yake. Muulize maji yametoka wapi. Kuuliza si kumtukana. Nenda pia ofisi ya mtaa, uulize ni maji gani yamepimwa.

Na ukimtuma mtoto, mwandikie karatasi: "Sukari nusu kilo. Pesa 5,000." Sasa unajua kuandika. Mimi sikuandika siku moja, umeme ulipokatika. Mtoto aliporudi nikamgombeza kwamba chenji imepungua. Kumbe gizani nilimpa noti ya 2,000, nikidhani ni ya 5,000. Nilikwenda kwao nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Mtoto alicheka. Akaniuliza kama kesho nitamtuma tena.