Usimuuze kipa wako kwa mechi tatu

 

Msimu ndio umeanza. Timu yenu ya hoki imecheza mechi tatu, imefungwa mabao manne, na kwenye grupu ya WhatsApp kesi tayari imeamuliwa. "Huyo kipa ni geti bila soja," mmoja ameandika. Mwingine anacheka. Wa tatu anataka kipa wa pili aanze Jumamosi, na hataki mjadala. Jamaa mwenyewe aliyevaa padi amesoma zote na hajajibu kitu.

Kabla hujaongeza yako, ngoja kidogo. Kubadilisha kipa si dhambi. Kuna siku inabidi. Swali ni moja tu: unajuaje? Umeona nini hasa ndani ya hizo mechi tatu kinachokupa uhakika huo wote?

Punje za juu ya gunia

Nenda soko la Gakoromone siku mnunuzi wa jumla anapochukua maharagwe. Hafungui mdomo wa gunia akatazama juu tu kisha akatoa pesa. Anachukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, anadunga gunia ubavuni, punje zinamwagika kiganjani. Anadunga tena chini. Anadunga upande wa pili. Anajua juu panaweza kuwa safi na chini kukawa na mawe, au juu pakawa na vumbi na ndani mali yote ni nzuri. Gunia la kilo 90 halihukumiwi kwa kiganja kimoja.

Mechi tatu za kwanza ni kiganja kimoja, tena cha juu.

Tuseme mna makipa wawili. Wa kwanza amepigiwa mikwaju 12 iliyolenga goli, akaokoa 8. Hiyo ni asilimia 67. Wa pili amepigiwa 12 vilevile, akaokoa 10, yaani asilimia 83. Ukiandika 67 kwa 83 kwenye grupu, watu wataona bonde katikati. Lakini bonde lenyewe ni mipira miwili. Mmoja uligusa gongo la beki wenu ukabadilisha njia. Wa pili ulidunda kwenye shimo. Basi.

Huamini? Toa ashu mfukoni, ile yenye simba, uirushe mara 12. Sarafu haina upande inaoupendelea, kwa hivyo unatarajia simba mara 6. Sasa rudia zoezi hilo lote mara nyingi. Katika karibu majaribio 4 kati ya kila 10, utapata simba mara 8 au zaidi, ama mara 4 au chini. Sarafu haijapanda fomu wala kushuka. Ni bahati tu, na ukirusha mara chache bahati ndiyo hupiga kelele zaidi.

Kipa naye ni hivyo. Chukua kipa ambaye uwezo wake wa kweli ni kuokoa mikwaju 75 katika kila 100. Mpigie mikwaju 20. Anaweza kuokoa 11 na uanze kumtukana, au aokoe 19 umwimbie nyimbo, na katika hali zote mbili yeye ni yuleyule. Mpigie mikwaju 200, hapo ukweli unaanza kutulia: mara nyingi ataokoa kati ya 138 na 162. Asilimia 69 hadi 81. Sasa unaweza kuongea.

Wameumia hata wakubwa

Usidhani haya ni ya timu za mtaani tu. Angalia hoki ya barafuni, ule mchezo ambao vijana wa Ice Lions wameucheza Nairobi. Huko Marekani Kaskazini kila mkwaju unahesabiwa, na klabu zinalipa wataalamu wa takwimu. Bado kipa anawachanganya.

Mwaka 2015 klabu ya Ottawa Senators ya Canada ilimwita Andrew Hammond kutoka ligi ya chini kwa sababu makipa wake walikuwa wameumia. Msee alishika moto. Alimaliza msimu wa kawaida na ushindi mechi 20, akashindwa moja tu ndani ya muda wa kawaida na mbili baada ya muda huo. Mashabiki walikuwa wakirusha burger uwanjani kwa furaha. Msimu uliofuata alishindwa mechi nyingi kuliko alizoshinda, na makali yale hayakurudi.

Sasa geuza upande. Mwanzoni mwa Januari 2019, St. Louis Blues walikuwa wa mwisho kwenye ligi nzima. Kipa Jordan Binnington, ambaye klabu ilimchukua tangu 2011 na kumweka kwenye ligi ndogo kwa miaka, alianza mechi yake ya kwanza Januari 7, 2019. Juni mwaka huohuo Blues walikuwa wameshika kombe la Stanley. Mmoja alianza kwa kishindo kisha akafifia. Mwingine alipuuzwa miaka, na akaja kuwa ndiye. Mechi chache za kwanza hazikumwambia mtu ni nani atakuwa nani.

Angalia kazi, usiangalie bao tu

Hapa ndipo kuna shida kwetu. Hoki ya shule inachezwa muhula wa kwanza. Mnaanza Januari, mnapanda hadi kaunti, kisha mkiweza mnaenda Mashariki kukutana na kina Kitui na Machakos, na kabla hujageuka muhula umeisha. Kipa akipigiwa mikwaju mitano kwa mechi, atahitaji mechi 40 kufikisha 200. Hamna mechi 40. Msimu utaisha kabla hesabu haijakomaa.

Kwa hivyo nambari za mechi pekee hazitakuokoa. Lazima utumie macho, na uyatumie vizuri.

Kwanza, uliza bao limetoka wapi. Goli la hoki lina upana wa mita 3.66, nusu kamili ya goli la kandanda, na kimo cha mita 2.14. Linaonekana dogo hadi usimame mbele yake na mpira mgumu wa gramu 160 hivi unakujia. Mkwaju uliopigwa hatua tatu kutoka kwa kipa, na mpigaji yuko peke yake, ni kesi ya mabeki. Mkwaju wa ukingoni mwa duara, kipa anauona tangu unapoondoka kwenye gongo, huo ni wake.

Pili, tenga mabao ya kona fupi. Pale kipa ana wenzake wanne tu wa kulinda, wengine wote wamerudishwa nyuma ya mstari wa katikati. Sheria inasema mpira lazima utoke nje ya duara kwanza. Pigo la kwanza likiwa la kugonga, lisivuke mstari juu zaidi ya sentimita 46, yaani kimo cha ule ubao wa golini. Lakini mpira ukiburutwa na gongo kisha ukarushwa, unaweza kupanda hadi pembe ya juu. Mkifungwa kona fupi tatu, angalia pia yule anayekimbia kumzuia mpigaji. Je, alichelewa? Kama ndiye aliyechelewa, kipa mnamsingizia.

Tatu, fuata mpira baada ya kuokolewa. Hapa makipa wanatofautiana kweli. Mmoja anaupiga teke hadi pembeni, hatari imeisha. Mwingine anauzuia vizuri kisha unabaki mbele yake, na adui anamalizia. Kwenye karatasi wote wameandikiwa kuokoa.

Nne, sikiliza. Kipa ndiye anayeona uwanja wote. Kama mechi nzima hujasikia sauti yake, mabeki wenu wanacheza gizani.

Tano, usisahau ardhi. Januari na Februari viwanja vyetu vimekauka, mpira unaruka kama panzi. Mvua za Machi zikishika, nyasi zinaunywa mwendo wake. Kipa aliyecheza mechi zake kwenye vumbi na yule aliyecheza kwenye tope hawajafanya mtihani mmoja. Na wote wawili hawafanani na anayecheza kwenye zulia la City Park kule Nairobi.

Tengeneza bambo lako

Sasa dawa. Mechi zinakupa mikwaju michache, lakini mazoezi ni yenu. Hapo unaweza kudunga gunia unavyotaka.

Chagua wapigaji wanne, walewale kila siku. Weka alama mahali pa kupigia: mbili karibu, mbili ukingoni mwa duara, moja ya kona fupi. Kila kipa apigiwe mikwaju 20 kwa siku, idadi sawa kutoka kila alama. Fanya hivyo siku 10 za mazoezi. Tayari una mikwaju 200 kwa kila mmoja, na mtihani ni uleule kwa wote.

Andika mambo matatu tu kwa kila mkwaju: ulitoka wapi, uliokolewa au la, na ukiokolewa ulienda wapi. Daftari la mazoezi la shilingi chache linatosha. Usimpe rafiki wa kipa yeyote kazi ya kuandika.

Kuna tatizo moja ambalo timu nyingi zinalijua. Vifaa ni ghali, na seti inaweza kuwa moja tu: helmeti moja, padi moja, vile viatu vikubwa vya povu. Matokeo yake kipa wa kwanza anavaa siku zote, wa pili anaokota mipira. Kisha wa kwanza akifungwa, wa pili anatupwa uwanjani hajavaa padi wiki tatu, anafungwa, na mnasema "si mliona?" Hamkuona kitu. Gawaneni zamu: mikwaju 20, vueni, vaeni, mikwaju 20. Inachosha, lakini ni haki. Na mtu asisimame golini bila helmeti, hata kwa mzaha. Mpira ule ni mgumu sana.

Mazoezi si mechi, kweli. Hakuna kelele wala presha. Kwa hivyo mechi za kirafiki za mwanzo zigawanywe nusu kwa nusu, na amueni tarehe ya kuamua kabla hamjaanza. Mkiamua baada ya kila bao, hasira ndiyo itakuwa kocha.

Yapo yasiyosubiri

Subira pia ina wenye kuitumia vibaya. Kuna mambo hayahitaji mikwaju 200. Kipa anayegeuza uso mpira ukija, utamjua siku ya kwanza. Anayekosa mazoezi, utamjua wiki ya kwanza. Anayerukia chini kila mara kabla mpigaji hajapiga, huyo ana tabia ambayo wapinzani wataisoma. Anayefungwa bao moja kisha dakika kumi hayupo kichwani, ongea naye mapema.

Tofauti ni kwamba haya ni mambo unayoweza kumwambia kipa na akayafanyia kazi. "Umefungwa manne" hayamsaidii. "Unaacha mipira mbele yako, iteke pembeni" inampa kazi ya kufanya Jumatatu.

Kwa nini ujisumbue

Kwa sababu mtu anaweza kuacha. Kipa ndiye mchezaji pekee ambaye kosa lake linaandikwa kwenye ubao wa matokeo. Straika akikosa mara tano na kufunga moja, anabebwa juu. Kipa akiokoa tano na kukosa moja, grupu inawaka. Mvulana au msichana wa miaka 16 akivuliwa padi wiki ya tatu mbele ya wenzake, mara nyingi hazivai tena.

Na mchezo huu una mlango mbele. Wapo waliosaidiwa karo kwa sababu ya gongo. Wapo wanaochezea timu ya Polisi na kazi wanayo. Nchi yetu ilishika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza la hoki, Barcelona 1971, na imecheza Olimpiki mara saba, ya mwisho Seoul 1988. Hatujarudi huko. Hatutarudi kwa kuwamaliza makipa kabla hawajakomaa.

Kwa hivyo Jumamosi ukiteremka uwanjani, beba kalamu na kikaratasi. Hesabu mikwaju, andika ilikotoka, tazama mpira uliookolewa umeishia wapi. Mechi ikiisha, mpe kipa hicho kikaratasi mkononi, kabla hajafungua simu.